Glovu za Udhu

Kabla hamjamgusa mgonjwa, wanangu, muulizeni kama ana udhu. Hili chuoni hamtofundishwa. Mimi nilisomeshwa bara, nikatiwa kichwani misuli yote ya binaadamu na majina yake, nikarudi Unguja na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Mgonjwa wa kwanza niliyemshika mkono alikuwa mzee mmoja wa Malindi aliyeporomoka ngazini kwake. Aliutazama mkono wangu, akanitazama na mimi, akasema, "Haya, mwanangu, ushanirudisha birikani."

Kwa asiyejua, sisi ni Mashafi, watu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Ngozi ya mwanamke ikigusana na ya mwanamme asiye maharimu wake, udhu umeondoka. Na kazi yetu sisi wa mazoezi ya viungo, tangu tunafungua mlango mpaka tunafunga, ni kugusa. Wanaume walikuwa wakija baada ya kusali adhuhuri, na udhu wao wameutunza wasalie na alasiri. Mimi nawaharibia. Kuna waliovunjwa miguu na gari wakanikasirikia mimi kuliko dereva.

Aliyenitoa kwenye balaa hilo ni Mzee Vuai, mkubwa wangu wa kazi. Mtumbatu, mrefu, maneno yake machache, na hayo machache akiyasema Kitumbatu mimi mtoto wa mjini nabaki kumtumbulia macho. Siku hiyo alinitupia taulo. "Tandika hapo juu, kisha ushike." Basi. Miaka na miaka nimefanya kazi juu ya taulo. Mpaka leo nipe goti la mtu ndani ya blanketi nikwambie lina nini.

Tulikuwa na mashine ya kupasha joto, msaada wa Wajerumani wale waliojenga nyumba za Michenzani. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa Kijerumani kitupu, na aliyekuwa akikisoma alisharudi kwao. Mzee Vuai alijua vitufe viwili, cha kuwashia na cha kuzimia, akasema vyengine ni pambo. Wagonjwa waliipenda mashine ile kuliko walivyotupenda sisi. Umeme ukikatika, wanataka kulala chini yake vivyo hivyo, na Mzee Vuai anawaacha. Bibi mmoja akainuka, akajinyoosha, akasema leo haikuwa kali, leo imemfaa hasa. Umeme ulikuwa haupo tangu asubuhi. Mzee Vuai akamwambia aje tena Jumatano.

Lakini nisimfanye mchekeshaji. Alinifunza jambo moja ambalo nataka mlishike kuliko mashine zenu zote. Mgonjwa akija, anamvua shati, anamkalisha kwenye kiti, naye anavuta kiti chake mbele yake anakaa. Hamshiki, hamwambii kitu. Anamtazama tu, muda wa mtu kunywa kikombe cha chai taratibu. Wagonjwa wanadhani kapitiwa na usingizi. Mmoja alinyanyuka akavaa shati akenda zake, na Mzee Vuai bado anatazama kiti. Nikamuuliza, unatazama nini, Mzee? Akasema, "Msuli ukiwa umepumzika ndio unasema kweli. Ukishaushika, unakujibu unachotaka."

Miaka ile ile naanza kazi ndiyo yale maradhi yalianza kuvuma. Hayakutajwa kwa jina. Mtu anasema "maradhi hayo," anatazama pembeni. Wodini wauguzi wengine walivaa glovu hata kumpelekea mgonjwa uji. Ikawa ukiona mtu anahudumiwa kwa glovu, ushajua, na mtaa wako ushajua, na watu wa Pemba wanakaribia kujua. Kwenye chumba chetu cha mazoezi glovu hazikuwepo. Si kwa ushujaa. Hatukuletewa tu.

Sasa nakuja kwa Bwana Nassor.

Hapo miaka ya elfu mbili ilishaingia, Mzee Vuai keshastaafu yuko kwao Tumbatu, na chumba nimeachiwa mimi. Bwana Nassor alikuwa fundi saa Mlandege. Mnazijua zile familia za Kiarabu za mjini, babu alikuwa na shamba la mikarafuu, mjukuu ana meza na kiti? Na mimi natoka humo humo, kwa hivyo nasema bila ya haya. Mtu mzima, nadhifu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikononi, na kila sala yuko msikitini.

Kilichomleta ni skrubu. Zile skrubu ndogo za saa ya mkononi zilikuwa zinamponyoka. Alidhani macho, akabadilisha miwani. Akadhani kibano kimechoka, akanunua kipya. Alipomaliza kuvilaumu vitu vyote vya mezani ndipo akaulaumu mkono. Daktari aliyemuona mwanzo aliandika mshipa wa shingo umebanwa. Basi nikaishughulikia shingo. Nikaivuta, nikaikanda, nikampa mto wa kulalia. Shingo ile ikawa nzuri kuliko ya kijana, na skrubu zikaendelea kuanguka.

Siku moja nikamkumbuka Mzee Vuai. Nikaliweka taulo pembeni, nikamwambia Bwana Nassor avue shati akae, nami nikakaa kumtazama. Baina ya dole gumba na kidole cha shahada, pale penye nyama, kulikuwa kumeingia bonde. Na begani, chini ya ngozi, nyama zilikuwa zikicheza zenyewe, huku zikitulia kule zinaanza, kama maji ya sufuria yanayotaka kuchemka. Yeye hakuwa anajua kama naona.

"Hizi nyama zinakucheza tangu lini, Bwana Nassor?"

"Tangu mfungo sita, wakati wa Maulidi."

Mkewe, Bi Rukia, alikuwa amekaa upande wa pili wa pazia. Akadakia, "Mimi n'kamwambia ni wageni hao."

Kwetu, mnajua, nyama ikikucheza mwilini, mgeni yuko njiani. Bi Rukia aliamini hasa. "N'napika pilau, Bi Zuhura, nafagia ukumbi, natia udi, wala mtu hapigi hodi. Leo miezi. Wageni gani hawa?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nikampeleka kwa Daktari Asha, alikuwa hana muda mrefu tangu kurudi masomoni, mwanamke makini, hapayuki. Bwana Nassor akenda na Bi Rukia, na shemeji yake kaka wa Bi Rukia, maana kwetu mtu haendi hospitali peke yake ila akiwa hana jamaa. Daktari akampima nguvu, akampiga magoti kwa kinyundo, akamwambia atoe ulimi. Kisha akamuuliza kama ameshawahi kupima virusi.

"La," akasema Bwana Nassor.

"Astaghfirullah, daktari," shemeji akaruka. "Huyu mtu wa msikitini!"

Daktari Asha akasema ni kipimo cha kawaida, akampa karatasi akapime. Karatasi ilikwenda mfukoni ikabaki huko.

Jioni Daktari Asha akanieleza. Ziko neva zinazotoka ubongoni na kwenye uti wa mgongo kuipelekea misuli amri. Hizo ndizo zinazokufa. Mtu anahisi kila kitu, akili yake timamu, ila nguvu inamtoka. Inaanza mkono, inakwenda miguu, inakwenda ulimi, anashindwa kumeza, mwisho pumzi. Si kiharusi, kiharusi kinampiga mtu mara moja. Haya yanamla pole pole huku anatazama. "Na dawa?" nikamuuliza. Akasema dawa ya kuyatoa haipo.

Tulibaki na kumsaidia aishi nayo. Shikeni haya. Msimchoshe mgonjwa wa namna hii kwa mazoezi mazito, msuli unaofiwa na neva ukiulazimisha unaumaliza. Nyoosha viungo visikaze, basi. Kijiko kizungushie kitambaa kiwe kinene mkononi. Vifungo vya shati na kanzu vitoe, utie vitanzi vikubwa. Akinywa maji, ainamishe kidevu, asiangalie juu. Na mfundishe aliye nyumbani, maana wewe unakwenda zako. Bi Rukia nilimfundisha, akawa hodari kunishinda. Bwana Nassor alishakuwa hawezi kufinyanga tonge, na kwa sinia la wanaume hakai tena, anasema kashiba. Bi Rukia akimfungia mlango wa chumbani, akimlisha kwa mkono wake, akitoka anawaambia watu bwana amelala.

Basi ikaja siku ya glovu. Tuliletewa boksi zima. Nyinyi mnazitupa ovyo, mimi nilizipokea kama nimeletewa dhahabu, na wala sikufikiria uchafu wala maradhi. Nilifikiria udhu. Nikasema, alhamdulillahi, taulo limestaafu. Nitaushika msuli niusikie vizuri, na mwanamme wa watu atakwenda zake alasiri na udhu wake. Wa kwanza kumpangia raha hiyo alikuwa Bwana Nassor. Siku hiyo kaja peke yake, Bi Rukia ana msiba Mwembeladu.

Nikavaa. Nikamwendea nacheka. Nikamshika mkono.

Akauvuta kwa nguvu zote alizobakia nazo. Uso umemwiva.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinifanye mjinga, Bi Zuhura. Miezi yote unanishika kwa taulo, leo glovu. Nani kakwambia kama n'na virusi? Nilipima Dar, nikatoa jina la uongo, nikarudi na boti ile ile. Nani kakwambia?"

Wanangu, nilisimama pale na mikono yangu ya mpira juu hewani. Sikujua niiweke wapi.

"Bwana Nassor," nikasema, "nilivaa nisikuvunjie udhu."

Akaitazama glovu, akaliangalia boksi juu ya kabati, jipya, halijapungua. Akafumba macho.

"Basi nshasema," akasema.

Akavaa shati. Vitanzi vyenyewe havimtii, nami nikitaka kumsaidia ananisukuma kwa bega. Mlangoni akanigeukia, "Rukia hajui." Akenda zake, na miadi iliyofuata hakuja.

Mimi nikabaki na siri ya mtu tumboni. Sikutaja jina. Nilimwendea Daktari Asha, nikamuuliza, hivi mtu akiwa na maradhi yale ya neva, na akawa na virusi pia, inakuwaje? Akanitazama sana. "Mtu gani?" Nikasema mtu. Akaweka kalamu chini. Akaniambia ziko baadhi ya kesi, si zote, virusi vyenyewe ndivyo vinaleta maradhi yanayofanana na hayo. Na watu wa namna hiyo, wakianzishwa dawa za kupunguza makali, baadhi yao maradhi yamesimama, na baadhi nguvu imerudi kiasi. "Si ahadi," akasema. "Lakini kwa mtu wako huyo, huo ndio mlango pekee. Mwambie mtu aje."

Hebu fikirini. Kile anachokificha ndicho pekee kinachoweza kumwokoa, naye yuko Mlandege anakikalia.

Nilichukua saa yangu ya ukutani, mbovu kweli, sikuisingizia, nikenda nayo dukani kwake. Nikamkuta ameegemeza kiwiko cha mkono mmoja juu ya wa pili ili usitetereke, anahangaika na kamba ya saa. Kutia kamba tu. Saa zenyewe alishaacha kuzifungua.

"Shikamoo sikupi," akasema. Nilikuwa mkubwa kwake kidogo, na alikuwa amekasirika.

Nikamwambia yote aliyoyasema Daktari Asha. Akasikiliza, kamba mkononi.

"Kwa hivyo unanambia n'shukuru."

"Nakwambia uje."

"Nije wapi? Ile kliniki ya dawa hizo kibaraza chake kinatazamana na lango la hospitali. Mji mzima unapita pale. Nikikaa dakika moja, kabla sijaitwa, msikitini watakuwa washajua. Niache, Bi Zuhura. Nife na maradhi ya neva. Hayo yana heshima."

Hapo nilikasirika. Nikamwambia, "Mkono wako ni wako, ufanye utakavyo. Lakini yule anayekufungia mlango akakulisha, yeye hukumuuliza. Yeye naye ana damu. Umempa nafasi ya kujua kama anaumwa? Heshima gani hiyo, Bwana Nassor? Heshima ya nani?"

Saa yangu niliiacha juu ya meza nikaondoka, na njia nzima najilaumu nimesema sana.

Sijui alimwambia vipi, na sijauliza. Najua kuwa Bi Rukia alikaa kwa mama yake siku kadhaa, na kwamba kaka yake alitaka talaka itoke. Najua pia kuwa asubuhi moja nilipita pale kliniki nikamuona Bi Rukia amekaa kibarazani, mwanzo kabisa wa benchi, buibui amelifungua uso wote nje. Pembeni yake Bwana Nassor, kainama, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Bi Rukia," nikasema kwa sauti ndogo, "mnaweza kusubiri kule kwangu chumbani, nitawaita."

"Ahsante, hapa panatosha. Wanione. Wakishamaliza kuniona watakwenda makwao." Akamgeukia mumewe. "Na wewe inua kofia hiyo, unaonekana mwizi."

Akainua kofia. Wote wawili walipatikana na virusi. Bi Rukia aliponieleza hakulia mbele yangu. Alisema tu kuwa pilau hapiki tena mpaka mtu apige hodi kwanza. Mimi ndiye niliyelia, nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Dawa zile za mwanzo zilikuwa kali. Bwana Nassor alitapika, akaota ndoto mbaya, akatangaza kwamba bora kufa, na Bi Rukia akampa kidonge cha siku ya pili. Miezi ikapita hatuoni kitu. Kisha nikagundua kuwa sioni kitu hasa. Nilimkalisha, nikamtazama, na bega limetulia. Lile bonde la dole gumba halikujaa, na halijajaa mpaka leo, lakini halikuongezeka. Ulimi haukuguswa. Miguu ilibaki yake. Kisha siku moja akanishika mkono kwa kuaga, juu ya glovu, akaniminya, na nilisikia maumivu. Nilikwenda kumwambia Daktari Asha mbio mbio kama mtoto wa skuli. Skrubu za saa za mkononi hakuziweza tena. Akahamia saa za ukutani, ambazo skrubu zake hata mimi naziona.

Baada ya hapo nilijiona nimekuwa mtaalamu. Bwana Nassor akija kunyoosha viungo, nakaa namtazama nafurahi.

Ndipo akaletwa Makame. Kijana wa Tumbatu, alikuwa akifanya kazi hoteli Kendwa, mpeleka vinywaji. Alianza kuangusha trei, hotelini wakadhani analewa, wakamfukuza. Alikuja na mama yake, Bi Mize. Nikamvua shati, nikamtazama, na sikuhitaji hata nusu ya kikombe cha chai. Mabega yote mawili yanacheza, na mapaja yameshaanza.

Safari hii Daktari Asha alimchukua ndani peke yake, akafunga mlango, akamweleza yote, na kwamba akiwa na virusi kuna njia ya kujaribu, na akiwa hana, hakuna. Makame akakubali kupimwa. Kwa mama yake Makame alisema tu kuwa anapimwa maradhi hayo, ya neva hakuyataja. Wakati wa kusubiri majibu alizoeana na Bwana Nassor pale chumbani, wakinyooshwa vitanda viwili vya jirani, pazia katikati. Wakiongea chini chini. Nadhani Bwana Nassor alimweleza lake, maana nilimsikia kijana akimuuliza dawa zile anywe na nini.

Mimi sijapata kumuombea mtu virusi, kabla ya hapo wala baada. Kwa Makame niliomba. Nilisali rakaa zangu nikaomba, kisha nikaona haya kwa Mungu.

Majibu yalitoka asubuhi. Damu safi. Hana.

Bi Mize alipiga kigelegele pale pale ukumbini hospitali, wagonjwa wakageuka. Akamkumbatia kila aliyemkuta, akamkumbatia Daktari Asha, akanikumbatia na mimi, ananiambia, "Mwanangu mzima, Bi Zuhura, mwanangu hana kitu!" Makame alikuwa amesimama nyuma yake ameegemea ukuta. Alinitazama, nikamtazama. Kisha akatabasamu kwa ajili ya mama yake, na akamwacha afurahi.

Nikarudi chumbani. Bwana Nassor alikuwa kitandani, kigelegele kakisikia.

"Hana?" akaniuliza.

"Hana."

Akaunyanyua mkono wake akautazama, akaufunga na kuufungua, akaufunga na kuufungua.

"Haya yangu, Bi Zuhura," akasema, "ingekuwa yanagawika, ningemkatia."